Tunda Ndani ya Hoho: Mjadala wa Jikoni Wakati wa Joto

Julai na Agosti mjini Houston, Texas, joto la mchana hufika nyuzi 35 za Selsiasi, na unyevu unaotoka Ghuba ya Meksiko hauuachi usiku upoe. Aliyekulia Tanga au Mombasa anaujua unyevu huo. Kilicho kigeni kwake ni kupika ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, ambamo kila moto wa jikoni unashindana na kiyoyozi na bili ya umeme inasubiri mwisho wa mwezi. Ndiyo maana chungu cha umeme cha kupikia polepole, ambacho wengi wanakihesabu kuwa chombo cha supu za wakati wa baridi, kimepata kazi mpya majira ya joto. Ndani yake hupangwa pilipili hoho zilizojazwa nyama ya kusaga, wali na matunda: pichi, embe, nanasi, zabibu.

Chakula hiki kinagawa nyumba. Wako wanaokiona ni rahisi na kitamu, na wako wanaokiona ni nyama iliyoharibiwa kwa sukari na hoho iliyoharibiwa kwa mvuke. Suala linastahili kujadiliwa kwa uzito wake, kwa kuwa linagusa chakula cha jioni cha watu wanaofanya kazi za zamu. Nimezipa pande mbili vinywa viwili. Wa kwanza ni shangazi, mtu wa Tanga, aliyepikia makaa miaka mingi kabla ya kuja kukaa na watoto wa kaka yake. Wa pili ni mpwa wake, muuguzi. Si watu fulani. Ni hoja ninazozisikia katika nyumba za Waswahili wa huku, kila moja ikiwa na nguvu yake.

Hoja ya kwanza: tunda na nyama

SHANGAZI: Mwanangu, mimi sina ugomvi na hoho. Hoho ya kima naijua na nimeijaza kwa mikono yangu. Ugomvi wangu ni hii pichi. Tunda huliwa sahani zikishaondolewa. Ukilitia ndani ya nyama unapata chakula kisichojijua: si cha chumvi, si cha sukari.

MPWA: Shangazi, kwa heshima zote, pilau yako ya sikukuu ina zabibu. Urojo wa Unguja unataka ukali wa embe bichi au ukwaju. Na mtoto wa Mombasa hununua embe bichi barabarani, limechanjwa, limepakwa chumvi na pilipili ya unga, analila huku akifuta machozi. Tunda, chumvi na pilipili tumevikutanisha zamani.

SHANGAZI: Umetaja matunda, hukutaja tabia zake. Zabibu ni kavu, haimwagi maji, na katika sinia zima la pilau unaipata moja hapa, moja pale. Embe bichi na ukwaju ni vikali, vinakata mafuta. Pichi iliyoiva ni tamu na imejaa maji. Kuwepo kwa zabibu kwenye pilau hakuipi pichi ruhusa ya kuingia kwenye kima.

MPWA: Basi twende kwa wenye pilipili yao. Hoho na jamaa zake walianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita. Katika mji wa Puebla kuna chakula kiitwacho chiles en nogada: pilipili kubwa ya aina ya poblano, imejazwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na tufaha, pea, pichi, zabibu na lozi, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa jozi zilizosagwa, ikapambwa kwa punje za komamanga na majani mabichi. Kijani, cheupe, chekundu: rangi za bendera yao. Simulizi inayopendwa huko inasema watawa wa mji huo walimwandalia Agustín de Iturbide mwaka 1821, mwaka ambao Meksiko ilijitoa mikononi mwa Uhispania. Huliwa Agosti na Septemba, wakati komamanga na jozi mbichi zimo sokoni. Ni chakula cha heshima, cha msimu, chenye matunda matamu ndani ya nyama ndani ya pilipili.

SHANGAZI: Sawa, nimesikia, na ukiweka ng'ombe au mbuzi mahali pa nguruwe nitakionja. Lakini tazama wanavyokipika. Pilipili huchomwa kwenye moto mpaka ngozi ifanye mabaka meusi, ikamenywa. Nyama na matunda hukaangwa kwanza kikaangoni mpaka maji yote yakauke. Mchuzi haupikwi kabisa. Katika kazi yote hiyo hakuna mahali ambapo kila kitu kinatupwa chunguni kikiwa kibichi, kikafunikwa, watu wakaenda zao. Puebla inatetea tunda. Haitetei chungu chako.

MPWA: Hapo umenikamata. Nakubali kijazio kianze kikaangoni: kitunguu, thomu, tangawizi, nyama hadi iache maji na kuanza kushika rangi, kisha bizari nyembamba na mdalasini. Dakika 15 tu. Chungu cha umeme hakiwezi kukaanga. Mvuke wake hauruhusu nyama kupata rangi ya kahawia, na ladha ya nyama iko kwenye rangi hiyo.

SHANGAZI: Na nanasi? Nimeona watu wakitia nanasi bichi.

MPWA: Linatia uchachu mzuri.

SHANGAZI: Linatafuna nyama, mwanangu. Mishkaki migumu tunaipaka papai bichi ili ilainike, na ukiisahau usiku kucha asubuhi unakuta uji. Nanasi bichi lina tabia hiyo hiyo. Kwenye moto mkali halipati nafasi, lakini chungu chako kinapanda joto taratibu, na muda wote ule nanasi linafanya kazi yake.

MPWA: Ni kweli kabisa. Nanasi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, na papai lina papaini. Vyote viwili vinakata protini, na vyote viwili huharibiwa na moto. Nanasi la kopo limeshapikwa, kwa hiyo halina madhara hayo. La shambani lichemshwe dakika chache kwanza, au lisubiri nje hadi mwisho.

Hoja ya pili: joto la nyumba

MPWA: Sasa tuje kwenye sababu yangu kubwa. Hoho za kujaza huku hupikwa kwenye oveni, nyuzi 190, kwa muda wa saa moja. Katika jioni ya Agosti hiyo ni adhabu. Chungu cha umeme cha lita 6 kinatumia wati 200 hadi 300 hivi. Oveni ya umeme ina nguvu ya wati 2,000 na zaidi.

SHANGAZI: Wati ni jambo moja, saa ni jambo jingine. Chungu chako kinawaka saa ngapi?

MPWA: Saa 5 kwa moto mdogo.

SHANGAZI: Basi piga hesabu mbele yangu.

MPWA: Saa 5 ni uniti 1 hadi 1 na nusu ya umeme. Oveni hujizima na kujiwasha, lakini ukihesabu na muda wa kuipasha kabla ya kutia chakula, inakaribia uniti 2.

SHANGAZI: Kwa hiyo tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko mnavyoitangaza. Na moto wote huo, wa chungu na wa oveni, mwisho wake unaingia chumbani. Kiyoyozi kinautoa na wewe unaulipia mara ya pili.

MPWA: Sikatai. Lakini angalia saa na namna. Oveni inamwaga joto lake lote kwa mkupuo, jioni, nyumba ikiwa imeshachemka na watu wote wamerudi. Chungu kinalitoa kidogo kidogo, tangu asubuhi, kiyoyozi kikiwa bado kinamudu. Tena chungu kinabebeka. Penye gereji au baraza iliyoezekwa, yenye soketi salama na isiyofikiwa na watoto, unakitoa nje na joto lake halikuhusu. Oveni huwezi kuitoa.

SHANGAZI: Hilo la kukitoa nje ndilo lenye akili. Hata jiko letu la makaa hatukuliwasha chumbani.

Hoja ya tatu: saa za zamu na usalama wa chakula

SHANGAZI: Unasema chungu ni rafiki wa mfanyakazi. Zamu yako ni ya saa 12. Hoho inataka saa 5. Hizo 7 nyingine inafanya nini humo ndani?

MPWA: Vyungu vingi vya kisasa vikimaliza muda vinahamia kwenye kutunza joto, na humo chakula hukaa juu ya nyuzi 60, mahali ambapo bakteria hawazaliani.

SHANGAZI: Sikuulizi bakteria. Nakuuliza hoho. Nyama ya paja itazivumilia saa hizo. Hoho itakuwa maganda yanayoelea.

MPWA: Ni kweli, hoho haifai kwa mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku nyumbani kukiwa kutupu. Lakini nipe zamu ya usiku. Narudi saa 2 asubuhi. Nakaanga kima, najaza hoho, napanga chunguni, nawasha saa 3, nalala. Naamka saa 8 mchana chakula kiko tayari na hakuna aliyesimama jikoni kulinda moto nikiwa usingizini. Na katika likizo ya kiangazi watoto wako nyumbani; mkubwa anaweza kuzima kwa wakati. Kwa watu wa zamu ya usiku, chombo hiki ni msaada wa kweli.

SHANGAZI: Kuna wanaojaza chungu usiku, wakatega saa kiwake chenyewe mchana.

MPWA: Hao wanahatarisha familia zao. Mamlaka za chakula za Marekani zinasema nyama isikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 isizidi saa 1. Chungu kilichozimwa chenye nyama ndani ni bakuli la nyama lililoachwa mezani. Hata nyama iliyoganda isitiwe humo. Iyeyushwe kwanza kwenye jokofu, la sivyo itakaa muda mrefu mno katika uvuguvugu. Nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati, na kipimajoto cha nyama ni kitu cha bei ndogo.

SHANGAZI: Na wasiokula nyama wakitaka maharage?

MPWA: Maharage mekundu yasiingie mabichi hata kidogo. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo wa chungu hiki unaweza usiimalize. Yalowekwe saa 5, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya dakika 30 jikoni, ndipo yajazwe kwenye hoho.

SHANGAZI: Sisi tunayachemsha maharage tangu azali. Ni vizuri kusikia sababu.

Hoja ya nne: hoho yenyewe

SHANGAZI: Tuseme umepika salama. Unaifunua, na hoho ya kijani imekuwa rangi ya majani makavu, imelegea, ina uchungu. Huo si ushindi.

MPWA: Kosa liko sokoni. Hoho ya kijani haijaiva; ikipikwa muda mrefu uchungu wake unatokeza. Nyekundu na ya njano zimeiva, zina sukari yake, na zinapatana na matunda. Chagua yenye kitako kipana isimame yenyewe, yenye nyama nene. Zibanane chunguni zishikane, zisilale. Chini tia nyanya iliyopondwa na maji ya ndimu, nusu kikombe inatosha, kwa sababu chungu hiki hakipotezi mvuke na hoho pamoja na matunda vitatoa maji yake. Uchachu wa nyanya na ndimu unachelewesha kulainika kwa kuta za hoho. Ndio unaoifanya isimame saa 5 bila kupasuka.

SHANGAZI: Na mchele?

MPWA: Upikwe nusu kabla. Mchele mbichi ndani ya hoho unakuta uchachu na maji haba, unabaki na kiini kigumu.

SHANGAZI: Mtu akifunua kuchungulia?

MPWA: Amepoteza joto la karibu nusu saa. Afunue mara moja, mwishoni.

SHANGAZI: Wewe ni muuguzi, basi nikuulize la afya. Hoho nyekundu mbichi ina vitamini C zaidi ya mara mbili ya chungwa lenye uzito huo huo. Umeichemsha saa 5. Umebakisha nini?

MPWA: Sehemu kubwa imepotea, sikufichi. Kwa hiyo vile vifuniko nilivyokata juu ya hoho sivitupi. Navikatakata vibichi pamoja na pichi au embe bivu, kitunguu chekundu kilichooshwa kwa chumvi, giligilani, nanaa na ndimu. Hoho zikitoka motoni nazimwagia kachumbari hiyo juu. Kila mtu anapata kilichoiva na kibichi, cha moto na cha baridi, katika kijiko kimoja.

SHANGAZI: Sasa umesema neno. Kumbe pichi yako haikai saa 5 motoni.

MPWA: Haikai. Ndani nimetia zabibu na aprikoti kavu. Vile vinakunywa maji ya nyama badala ya kuongeza maji. Tunda bichi, korosho za kukaanga na komamanga vinakuja mwisho.

SHANGAZI: Basi tulikuwa tunabishana na pichi iliyokuwa nje ya chungu.

Hoja ya tano: chombo cha kigeni?

SHANGAZI: Limebaki moja linaloniuma. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nahofia mtoto atakayekua akijua swichi tu, asijue moto.

MPWA: Shangazi, kupika polepole si kugeni kwetu. Wali unaupalia makaa juu ya kifuniko, unaupunguzia moto chini, unauacha. Bokoboko linakaa motoni mpaka ngano na nyama vishindwe kutenganishwa. Na chombo hiki kimetokana na jikoni kama zile. Irving Naxon, mhandisi wa Kiyahudi wa Chicago, alisikia kwa mama yake habari za cholent, mchuzi wa maharage na nyama uliopelekwa Ijumaa kabla ya jua kuzama kwenye tanuri la mwoka mikate, ukaiva usiku kucha, kwa kuwa siku ya Sabato hawawashi moto. Mama huyo aliyakumbuka mambo ya Lithuania. Mwanawe akaomba hataza mwaka 1936, akaipata 1940. Kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata chungu hicho kikaingia sokoni kwa jina la Crock-Pot. Kilianza na mama aliyetaka familia ile chakula cha moto siku isiyo na moto.

SHANGAZI: Hilo nalielewa. Lakini yule mama alijua kuungaunga mchuzi kabla ya kuupeleka kwa mwoka mikate. Chungu kilipokea kazi iliyokwisha kufanywa.

MPWA: Na watoto ndio ninaowataka kwenye kazi hiyo. Mmoja anatoa mbegu, mmoja anajaza, mmoja anakamua ndimu. Kazi ya mikono inafanyika asubuhi kukiwa na ubaridi kidogo, na moto unabaki peke yake mchana.

SHANGAZI: Kama ni hivyo, nipe kisu.

Uamuzi

Nimezisikiliza pande zote mbili na uamuzi wangu ni huu. Hoho za matunda ni chakula halali kabisa cha majira ya joto, na chungu cha umeme ni chombo kinachozifaa, ila shangazi ameshinda katika mambo yote yaliyokifanya chungu hicho kifae. Tunda bichi lenye maji mengi halina kazi saa 5 ndani ya chungu. Nyama isiyokaangwa inatoka rangi ya kijivu. Saa ya kutega haifai kwa nyama mbichi. Mpwa naye ameshinda katika jambo kubwa: mtu aliyekesha akihudumia wagonjwa ana haki ya kuamka akute chakula kilichopikwa kwa uangalifu nyumbani kwake, na hakuna sababu ya kumwaibisha kwa sababu hakusimama jikoni kukilinda.

Atakayejaribu afuate kipimo hiki. Hoho 6 nyekundu au za njano. Nusu kilo ya nyama ya kusaga, ikaangwe na vitunguu 2, thomu, tangawizi, kijiko kidogo cha bizari nyembamba na nusu ya mdalasini, chumvi kwa kuonja. Changanya na kikombe 1 cha mchele uliopikwa nusu na nusu kikombe cha zabibu na aprikoti kavu zilizokatwa. Jaza bila kushindilia, maana mchele bado utavimba. Chini, nusu kikombe cha nyanya na ndimu 1. Moto mdogo saa 4 hadi 5, au moto mkubwa saa 3. Juu, kachumbari ya pichi au embe, komamanga na korosho. Kitakachobaki kiingie jokofuni ndani ya saa 2, na kesho kipashwe jikoni hadi kitoe mvuke, si kwenye chungu hiki.

Wasomaji wenye mashangazi wawaulize kabla ya kununua chombo kipya chochote cha jikoni. Wasomaji ambao ni mashangazi wawape wapwa zao nafasi ya kukitumia.